Nani Anashika Mkasi

Katika programu nyingi za kuhariri video kwenye simu, alama ya kukata ni mkasi mdogo. Unasogeza kidole hadi mahali unapotaka, unagusa mkasi, na kilichokuwa kitu kimoja kinakuwa viwili. Kipande kimoja kinabaki, kingine kinatupwa. Kijana wa mtaa wa Nyakasanza aliyekaa kwenye benchi nje ya nyumba yao, simu mkononi, anaweza kuugusa mkasi huo mara nyingi kabla giza halijaingia Bunia, asihisi kwamba ameamua jambo lolote zito.

Mimi naamini ameamua. Naamini pia kwamba hapo, kwenye mkasi, ndipo filamu inapofundishika kuliko mahali pengine popote. Mafunzo mengi huanza na kamera kwa sababu kamera ina heshima yake: ukiishika barabarani watoto wanakufuata, mamotari wanapunguza mwendo, askari anakuuliza kibali. Mkasi hauna watazamaji. Ndiyo maana nataka tuutazame ukiwa umezungukwa na vichwa vinne au vitano vya vijana wa kartie moja, yaani mtaa mmoja, kila mmoja ana neno lake kuhusu wapi pakatwe. Filamu fupi inayotengenezwa kwa pamoja, ya dakika tatu au tano, ni shule ya ubishi huo, na Bunia inaihitaji shule hiyo kuliko miji mingi.

Ituri, jimbo la Kongo ambalo Bunia ni mji wake mkuu, imepigwa picha sana. Jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia mapema Mei 2003, wanamgambo waliugombea mji mtaa kwa mtaa, na Nyakasanza ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Watu waliokimbilia parokia wakitumaini kwamba kanisa litawasitiri waliuawa huko, na mapadri wawili pamoja nao. Maelfu wakaenda kulala kando ya uwanja wa ndege na makao ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 1484, na mwezi uliofuata askari wa Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Ufaransa katika operesheni iliyoitwa Artemis, wakatua Bunia na kukaa hadi mwanzoni mwa Septemba. Wapiga picha wa dunia nao wakatua.

Sina ugomvi na wapiga picha hao. Walihatarisha roho zao, na picha zao zilisaidia kuifanya dunia igeuze shingo kutazama mji ambao wengi hawakuwahi kusikia jina lake. Lakini kanda zilizotoka Bunia zilikatwa katika vyumba vya mbali, na mtu wa Nyakasanza hakuwamo chumbani. Kilichobaki kilikuwa sekunde chache za aina ileile: kijana mwenye bunduki, mwanamke mwenye godoro kichwani, mwili uliofunikwa. Mwanamke wa godoro alikuwa anatoka mahali na alikuwa na mahali anapokwenda. Huenda alikuwa anazungumza na mtu, anamwita mtoto, anataja jina. Yote hayo yalianguka upande wa pili wa mkasi, na miaka zaidi ya ishirini baadaye bado ndivyo wengi wanavyoijua Ituri, kama sekunde zile hazijaisha.

Kuna kanda nyingine ya mwaka huohuo ambayo nimeifikiria zaidi. Ilipigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia. Inamwonyesha Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi lenye silaha la UPC, amekwenda kuwatembelea wapiganaji waliokuwa wakifundishwa na kuwahutubia. Aliyeshika kamera alikuwa ndani ya kambi, na ziara ya mkubwa ndiyo iliyokuwa habari yake. Miaka sita baadaye, tarehe 26 Januari 2009, kesi ya Lubanga ilifunguliwa huko The Hague, na kanda hiyo ikawa mojawapo ya vielelezo vya upande wa mashtaka. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai wakaitazama kwa swali jingine kabisa: hawa waliosimama mbele ya mkubwa wana umri gani? Walikuwa waangalifu. Umri hausomwi usoni kwa urahisi, kwa hiyo walitegemea picha pale tu ambapo ilikuwa wazi kwamba mtoto hajafika miaka 15. Tarehe 14 Machi 2012 walitoa hukumu, ya kwanza tangu mahakama hiyo ianzishwe: Lubanga alikutwa na hatia ya kuandikisha watoto na kuwatumia vitani. Julai mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 14.

Mwanafunzi wa filamu akisikia kisa hiki husema kwamba basi video ni ushahidi. Ni kweli, na ni vizuri alijue hilo mapema. Mimi nakaa zaidi kwenye pembe za fremu. Mkubwa yuko katikati, anahutubia, na mhariri wa sherehe angemsogeza karibu zaidi, angeondoa nyuso za pembeni, angebakiza hotuba na makofi. Nyuso za pembeni zilibaki, na zikawa ndizo zenye uzito kuliko hotuba. Aliyepiga hakujua anachopiga. Hakuna anayejua kwa ukamilifu, na hiyo ni sababu tosha ya kutomwachia mtu mmoja mkasi: jicho langu liko kwa mhutubiaji, jicho la mwenzangu limemwona mtoto wa mstari wa tatu.

Na watoto wale hawakuulizwa. Leo wale walio hai ni watu wazima, wengine bila shaka wana watoto, na nyuso zao za utotoni zimo katika kumbukumbu za mahakama huko Uholanzi. Wakati ule hapakuwa na nafasi ya kuwauliza. Kijana anayepiga filamu Nyakasanza leo, akiwa na muda na amani ya mchana mmoja, anayo nafasi hiyo, na asipoitumia hana cha kusingizia.

Mfano mkubwa wa mkasi kubadili mikono uko Goma. Mwaka 2020 Joris Postema, mtengeneza filamu wa Uholanzi, alitoa filamu ya kumbukumbu iitwayo Stop Filming Us, kichwa ambacho ni katazo: acheni kutupiga picha. Postema alikwenda Goma akiwa na swali la kweli moyoni, kama mzungu anaweza kuuonyesha mji huo bila kurudia picha zilezile za vita, njaa na misaada, akawafuata wasanii wa pale wanaotaka kujionyesha wenyewe, miongoni mwao mpiga picha Ley Uwera na mwandishi na mtengeneza filamu Bernadette Vivuya. Alibishana nao mbele ya kamera na akauacha ubishi ndani ya filamu. Ni kazi ya mtu mwenye dhamiri. Hata hivyo, ulipofika wakati wa kukata, mkasi ulikuwa upande wake.

Mwaka 2022 ikatoka filamu ya pili, Stop Filming Us But Listen, yenye kuongeza ombi kwenye katazo: lakini tusikilizeni. Waongozaji wake walikuwa Bernadette Vivuya na Kagoma Twahirwa, Wakongomani wote wawili, na walichofanya ni kuchukua picha za Postema na kuzikata upya. Mtaa ni uleule na watu ni walewale. Mtu aliyekuwa anaulizwa maswali katika filamu ya kwanza ameketi sasa kwenye kiti cha anayeamua swali lipi libaki. Katika filamu ya kwanza, Goma ni mahali ambapo mgeni anajitafuta, anajikosoa, anataka kujua kama ana haki. Katika ya pili, dhamiri ya mgeni inapungua ukubwa na watu wa mji wanapata nafasi ya kumalizia sentensi zao. Sijui somo la uhariri lililo bora kuliko kuzitazama filamu hizo mbili mfululizo na kuwauliza vijana: ni nini kilichohama?

Goma haikufika hapo ghafla. Petna Ndaliko Katondolo alianzisha kituo cha Yole!Africa huko Kampala mwaka 2000, kisha kazi hiyo ikahamia Goma, na mwaka 2005 likaanza tamasha la filamu kwa jina la Salaam Kivu. Kizazi kizima cha vijana kimepita pale kikijifunza kwa kutengeneza, mmoja akimshikia mwenzake kamera. Bunia haikupata bahati ya kituo kama hicho kwa muda mrefu hivyo. Imepata vita kwa awamu, ikapata Ebola kati ya 2018 na 2020, na Mei 2021 ikawekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura ulioongezwa muda tena na tena. Lakini ina simu nyingi sana, na ina vijana.

Nikiiwazia filamu fupi ya Nyakasanza, siianzishi na vita. Naiweka kwenye kibanda cha kuchajia simu. Umeme wa Budana, bwawa lililojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo, haukuwahi kupimwa kwa mji uliokua kama Bunia ilivyokua, na pale umeme unapokosekana, watu hubeba simu zao kwenda kwa mwenye paneli za jua au jenereta. Kila simu hubandikwa kipande cha karatasi chenye namba au jina. Mama mwenye kibanda anajua ya nani imejaa, ya nani betri yake imechoka, nani atakuja usiku kuichukua na nani analipa kesho. Ndani ya simu zile kuna kartie nzima: sauti za ndugu walioko Kampala, picha za mtoto aliyezaliwa Mahagi, namba ya mtu aliyeko kambini Kigonze. Dakika tatu zinamtosha mama huyu na mikono yake.

Vijana watano wanaokwenda kumpiga filamu watakuwa na simu tano tofauti, na shida ya kwanza ya ushirikiano itakuwa ya kiufundi. Simu moja inapiga fremu 30 kwa sekunde, nyingine 25, nyingine inabadilisha yenyewe kadiri mwanga unavyopungua. Zikiunganishwa, sauti inaanza kuachana na midomo. Mmoja ameshika simu wima, mwingine ameilaza. Rangi ya ukuta ni ya manjano kwa huyu na ya buluu kwa yule. Kwa hiyo kabla hawajapiga chochote inabidi wakae chini wakubaliane: simu zilale, ubora wa 1080, fremu zilezile, rangi ifungwe isibadilike. Mmoja atapiga kofi mbele ya simu zote mwanzoni, ili baadaye walinganishe sauti. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wanaofundisha mara nyingi huliruka ili wafike kwenye sanaa. Kukubaliana kuhusu fremu 25 ni mara ya kwanza kundi linakubaliana kuhusu jambo lolote, na halihusu kabila wala pesa wala nani ana simu ya bei ghali. Ni mwanzo mzuri.

Kisha mwanga. Bunia iko karibu sana na ikweta, kama digrii moja na nusu kaskazini yake, katika mwinuko unaozidi mita 1,200. Saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo meusi chini ya paji la uso. Simu nazo zimezoea kupima mwanga kwa ukuta uliopakwa chokaa au anga iliyo nyuma, na matokeo yake uso wa mtu mweusi unazama gizani. Dawa yake ni kubonyeza uso kwenye skrini kwa sekunde kadhaa, kuufunga mwanga hapo, na kukubali anga iungue kidogo. Wengine hutandika shuka jeupe upande wa kivuli ili lirudishe mwanga shavuni. Jioni inapofika, ule mwanga laini unaosifiwa na wapiga picha wa nchi za mbali haukai hapa; ikweta inalishusha jua moja kwa moja, na mara saa kumi na mbili ikipita giza linakuwa limefika. Kundi litakalotaka mwanga wa jioni lijipange tangu saa kumi na moja, na kila mtu awe anajua kazi yake.

Na sauti. Hapa ndipo filamu nyingi za wanaoanza hufa, huku watengenezaji wakidhani zimekufa kwa picha. Mvua ya Bunia juu ya bati humeza kila neno. Jenereta ya jirani hunguruma chini ya mazungumzo, sikio la mtu huizoea na kuisahau, lakini maikrofoni haisahau. Njia nyepesi ni kuifanya simu ya tano kuwa maikrofoni tu: ifichwe karibu na kifua cha mama, mbali na kamera, irekodi sauti peke yake. Na kabla ya kuondoka wote wanyamaze kwa nusu dakika, warekodi sauti ya mahali hapo bila maneno, kwa sababu siku ya kukata watahitaji ukimya wa kibanda kile ili kuziba nyufa kati ya vipande. Waliokulia kwenye vibanda vya video vya Afrika Mashariki, ambako msimulizi huweka sauti yake juu ya filamu ya kigeni na kuigeuza kuwa kisa kingine, wanajua bila kufundishwa nguvu ya sauti juu ya picha. Ni elimu ambayo tayari iko mtaani, inangoja kuitwa kwa jina lake.

Mama wa kibanda, kabla hawajaanza, atasema neno: wanangu, ile simu ya kwenye kona musiipige. Mwenyewe hataki ijulikane iko hapa. Hatasema kwa nini. Kijana mwenye shauku atataka kuipiga hasa kwa sababu hiyo. Kama yuko peke yake, ataipiga, atajiambia kwamba hakuna atakayetambua. Akiwa na wenzake wanne waliosikia neno lile kwa masikio yao, mmoja atamgusa bega. Katika mji ambako mtu anaweza kuwa amekimbia kutoka eneo la Djugu akiwa na sababu ya kutotaka kujulikana alipo, mguso ule wa bega una thamani kuliko masomo mengi ya maadili.

Halafu ndipo wanakaa kwenye mkasi. Wana dakika arobaini za picha, wanataka dakika tatu. Wamezihamisha kwa kadi ya kumbukumbu, maana wakitumiana kwa WhatsApp kama video za kawaida zitabanwa na kupoteza ubora. Mama anaulizwa kama amewahi kupoteza simu ya mtu. Ananyamaza. Anafuta mikono kwenye kitenge. Kisha anasema ndiyo, mara moja, na anaeleza. Mmoja wa vijana anataka kukata ukimya: watu watachoka, wataruka video. Mwingine anasema ukimya ule ndio jibu, maneno yaliyofuata ni maelezo tu. Wa tatu anasema mama alipokuwa akifuta mikono alikuwa anaona aibu, na kuiacha ni kumwaibisha. Hakuna kati yao aliyekosea. Wote watatu wanafundishana mambo ambayo kitabu cha uhariri kingeyaeleza kwa sura nzima: mdundo, maana, heshima. Tofauti ni kwamba kitabu kingeyatenganisha, na hapa yanagongana juu ya sekunde nne za video na inabidi yamalizike kabla betri haijaisha.

Uzito unaongezeka lugha zinapoingia. Kibandani watu hawazungumzi Kiswahili peke yake. Mteja mmoja atasema Kialur, mwingine Kinande, mwingine Kilendu, na wale wa nje wanaodhani lugha inamtambulisha mtu wakumbuke kwamba Wahema wa kaskazini, Wagegere wa Djugu, huzungumza lugha moja na majirani zao Walendu. Sauti haitoi kitambulisho. Lakini inadai maandishi chini ya skrini, na maandishi yanadai mtu wa kuyaandika. Katika kundi la watano, pengine mmoja tu ndiye anayeielewa sentensi ile. Wanne wengine inabidi wamwamini. Atawaambia: amesema hivi. Hawana namna ya kuhakiki papo hapo. Wakishatoa filamu, watu wa lugha hiyo wataitazama na kusema kama ilikuwa kweli, na jina la kila mmoja wa wale watano liko mwishoni mwa filamu. Nadhani hakuna mkutano wa upatanisho ulioandaliwa Ituri, wenye mabango na chakula cha mchana, ambao umewahi kumweka kijana katika hali ya kumtegemea mwenzake kwa namna iliyo wazi hivyo.

Naijua hoja inayopinga haya, na ina mtu wake mkubwa. Dieudo Hamadi wa Kisangani, mtengeneza filamu za kumbukumbu aliye miongoni mwa mashuhuri zaidi katika nchi hii, anajulikana kwa kushika kamera mwenyewe na kutembea peke yake kati ya watu. Ndivyo alivyotuletea Maman Colonelle mwaka 2017, kuhusu afisa wa polisi anayewatetea wanawake na watoto, na En route pour le milliard mwaka 2020, akiwafuata walemavu wa vita vya siku sita vya Kisangani wakiteremka mto Kongo kwenda Kinshasa kudai haki yao. Kamera yake inaingia mahali ambapo watu watano wasingeweza kuingia. Hilo silipingi. Ila Hamadi naye alipitia shule ya ufupi na wenzake. Mwaka 2010 jina lake lilitokea katika Congo in Four Acts, filamu iliyounganisha kazi fupi nne za Wakongomani waliokuwa wakianza. Moja kati ya hizo, kuhusu wanawake waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu hawana pesa ya kulipa, aliitengeneza pamoja na Divita Wa Lusala. Katika mkusanyiko uleule alikuwemo Kiripi Katembo, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ametoa Voiture en carton: msichana mdogo anavuta gari la boksi katika mitaa ya Kinshasa, na ndani ya gari kuna simu inayopiga picha. Mji wote unaonekana kutoka kwenye goti la mtoto. Katembo alifariki 2015, akiwa bado kijana. Ninapowasikia watu wa Bunia wakisema wangetengeneza filamu kama wangepata kamera, nalifikiria gari lile la boksi.

Hatari halisi ninayoiona kwa makundi ya namna hii iko kwingine. Ni video za uhamasishaji. Shirika linafika na bajeti, linataka video ya dakika tatu kuhusu kunawa mikono, kuhusu chanjo, kuhusu amani, na linajua tayari sentensi ya mwisho itakuwa nini. Video hizo zina kazi yake. Wakati wa Ebola nilitamani zingekuwa nyingi na bora zaidi. Lakini kijana aliyejifunzia filamu huko amejifunza kutafuta picha za kuthibitisha jambo lililokwisha kuandikwa ofisini. Mama wa kibanda akisema neno lisilokuwa kwenye mpango, neno hilo linakatwa kwanza. Nionavyo mimi, kundi likikubali kazi hizo kwa ajili ya kula, na lina haki ya kula, lijiwekee filamu moja kila msimu ambayo hakuna aliyeiagiza.

Na filamu hiyo ionyeshwe kwanza kwa aliyepigwa. Ituri ina mizizi ya jambo hili. Radio Candip, iliyozaliwa miaka ya 1970 chini ya chuo cha ualimu cha Bunia, iliwakusanya wasikilizaji wa vijijini katika vikundi vilivyosikiliza pamoja na kujadili walichosikia. Redio ile haikuwachukulia watu wa kijiji kama masikio tu. Shuka lile jeupe lililorudisha mwanga mchana linaweza kutundikwa jioni kwenye ukuta wa kibanda, projekta ndogo ya kuazima au hata skrini ya kompyuta ikatosha, na mama akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, majirani nyuma yake. Akisema pale muondoe, waondoe. Akisema pale mlipokata nilikuwa sijamaliza, warudi kwenye faili. Baadhi ya watengenezaji watanung'unika kwamba sanaa haiendeshwi kwa kura, na kuna siku watakuwa na haki. Siku ya mama wa kibanda hawana.

Ili waweze kurudi kwenye faili, faili lazima ziwepo, na hapa ndipo makundi ya vijana hupoteza zaidi. Filamu ikishapanda mtandaoni, zile dakika arobaini hufutwa ili simu ipate nafasi. Video ya 1080 kwenye simu nyingi hula megabaiti 100 au zaidi kwa dakika, na kadi ni ghali, kwa hiyo sababu ninaielewa. Lakini Vivuya na Twahirwa waliweza kukata upya kwa sababu picha zilikuwa bado ziko, na nyuso za Rwampara zilisomwa baada ya miaka kwa sababu kanda ilikuwa haijatupwa. Maisha ya kawaida ya Nyakasanza kabla ya Mei 2003, soko lake, harusi zake, misa za Jumapili, yalipigwa picha na wachache sana, na mengi ya yaliyopigwa yaliungua au yaliporwa pamoja na nyumba.

Kundi la Nyakasanza basi linunue diski moja ya pamoja kabla ya kununua taa, na ya pili ikae nyumba nyingine, mbali na ya kwanza. Kila siku ya kupiga ipewe folda yenye tarehe, mahali, nani alishika kamera, nani alikubali kuonekana na nani alikataa. Picha za aliyekataa zifutwe siku hiyohiyo, mbele ya wote. Zilizobaki zikae nzima, pamoja na zile tulizoona hazifai: jenereta ikinguruma, kichwa cha mpita njia, mama akimuuliza mtu nje ya fremu kama mvua imeanza. Atakayezifungua mwaka 2045 anaweza kuwa mjukuu wa mama huyo, naye anaweza kuona kwamba tulikata vibaya. Awe na cha kukata upya.